Yale ambayo kitabu cha 1604 hakikuandika

Mimi ni mtu wa Malindi, na anayeijua Malindi anajua Kitaliano kwetu si kitu cha ajabu, kuna vijana wa ufuoni wanakiongea kuliko Kiingereza. Mimi nilikiokota jikoni, mamangu alikuwa anapikia familia ya Wataliano na nikitoka skuli nashinda pale mpaka jioni. Kwa hivo nilipokuja Bologna kufanya kazi ya kuangalia wazee lugha haikunisumbua, kilichonisumbua ni baridi na ule usiku mrefu, manake kazi yangu ni ya kulala na mzee, yaani yeye analala mimi nasikiliza, akiita tu nimeshafika.

Huyo mzee ntamuita nonno, yaani babu, ndivyo wajukuu zake wanavyomuita na mimi nikafuata. Miaka yote alikuwa fundi wa matbaa na nyumba yake imejaa vitabu na santuri. Usiku mmoja wa Novemba usingizi ukamkataa, akaniomba nimwekee santuri moja ambayo kava lake lina picha ya kitu kama udi, ile ala ya nyuzi ya taarab, lakini shingo inapanda, inapanda, mpaka inatoka nje ya picha. Nikaiweka. Wallahi sikuweza kurudi kwenye kiti. Hakuna mdundo wa kushika, hakuna mtu anaimba, ni nyuzi zinaanguka moja moja kama maji yanavyodondoka kwenye makuti mvua ikishakatika, na chini yake kuna besi moja nzito imebaki inavuma peke yake. Nikamuuliza nonno hii ni nini, akasema ni tiorba, na aliyeitunga hii ni Kapsberger, iko kwenye kitabu chake cha 1604.

Sasa kabla sijaenda mbali niwaambie kuhusu mjomba wangu. Mjomba ni mpigaji udi, amepiga taarab kwenye harusi za pwani tangu mimi sijazaliwa, na mimi nikiwa mdogo nilikuwa ndio namshikia udi akienda kuswali, na siku za raha alikuwa ananiachia nijaribu nyuzi. Hajawahi kusoma muziki wala kuandika. Ukimuuliza hapo umefanya nini anakwambia sikiliza kwanza, alafu anarudia, ukimuuliza tena anarudia tena, basi. Kwa hivo ile sauti kwenye santuri ya nonno mimi niliijua kabla sijaijua, na baadae niliposoma nikaona kumbe si mawazo yangu tu, luti ya Ulaya imezaliwa na udi, ilipita Sicily na Hispania wakati wa Waarabu, hata jina ni lile lile al-ud, Wataliano wakalifanya liuto. Na tiorba ni mtoto wa luti. Ukiigeuza ukaangalia mgongo wake, vile vibanzi vyembamba vya mbao vimekunjwa na kuunganishwa kimoja kwa kimoja kama mbavu, ni udi mtupu.

Tofauti iko shingoni. Tiorba, ambayo wenyewe zamani walikuwa wanaiita pia kitaroni, ilitokea Florence miaka ya mwisho ya 1500. Wakati ule waimbaji walikuwa wanatafuta njia mpya ya kuimba, mtu mmoja anaimba maneno yanasikika kama mtu anaongea, si watu watano kila mmoja na lake, na kwa kazi hiyo walitaka ala itakayompa mwimbaji besi nzito bila kumfunika. Kwa hivo walichukua luti kubwa ya besi, wakaipandisha tuni, alafu baadae wakaiongezea shingo ya pili ya kubeba nyuzi ndefu za besi ambazo huzikanyagi, unazipiga wazi tu. Mwaka 1589 kwenye harusi ya Ferdinando wa Medici kitaroni ilishasikika kule Florence, na Caccini, mwimbaji na mtunzi wa huko, kwenye kitabu chake cha 1602 anasema kabisa hiyo ndio ala inayomfaa mwimbaji kuliko zote, hasa ile sauti ya juu ya kiume wanayoiita tena. Yule anayetajwa sana kwa kuianzisha ni Antonio Naldi, walimpa jina la Bardella. Ile ninayopiga mimi inanizidi urefu kwa mbali, na mimi si mfupi.

Binti wa nonno ndio alinitafutia mwalimu. Mimi namuita Maestra, hapa ndio heshima yake, na yeye ananiita kwa jina langu. Siku ya kwanza sikupiga hata uzi mmoja. Alinishika mikono akaitazama vidole, akaniuliza kazi yangu, nikamwambia naangalia wazee, akacheka kidogo akasema basi kucha tumeshamaliza. Sikuelewa. Baadae ndio nikaelewa, manake mtu mmoja mkubwa sana wa ala hii alikuwa wa hapa hapa Bologna, Alessandro Piccinini, alizaliwa 1566, ukoo mzima wapiga luti, alifanya kazi kwenye kasri la Este kule Ferrara, na kitabu chake alichochapisha Bologna 1623 kinaanza na maelezo marefu ya namna ya kupiga, kitu ambacho wengi wa wakati wake hawakuandika. Na anasema kucha za vidole vitatu ziwe zimetokeza kidogo kupita nyama, za duara kama yai, isipokuwa gumba. Sasa mimi namuogesha mzee, namgeuza kitandani, ngozi ya mtu wa miaka 87 ni kama karatasi, kucha haziwezekani. Nilihuzunika kweli kweli, nikadhani mlango umefungwa. Maestra akaniambia wapigaji luti wengi, wa zamani na wa sasa, wanapiga kwa nyama ya kidole, na sauti ya nyama ni ya chumba, ya mtu kukaa karibu. Na chumba ndio nilichonacho. Kwa hivo tangu siku hiyo mimi ni mpigaji wa nyama, na ukinisikiliza vizuri utasikia uzi unaanza taratibu, hauna ule mkwaruzo wa mwanzo.

Ilichukua kama miezi mitatu kwa akili yangu kukubali mambo mawili. La kwanza ni tuni. Kwenye gitaa uzi wa kwanza ndio mwembamba wa juu, sauti kali. Kwenye tiorba uzi wa kwanza na wa pili vimeshushwa oktava nzima, yaani ngazi nane za sauti kwenda chini, kwa hivo uzi wenye sauti ya juu kuliko yote ni wa tatu. Sababu yake ni rahisi ukiifikiria, ala ni kubwa mno, uzi wa utumbo wa kondoo wenye urefu ule ukiuvuta mpaka ile sauti ya juu unakatika, sasa badala ya kupunguza ala walishusha nyuzi. Lakini angalia kilichotokea! Ukipiga ngazi ya sauti, noti zilizo jirani ziko kwenye nyuzi mbali mbali, moja hapa moja kule, na kila moja inabaki inalia wakati inayofuata inaingia, zinaingiliana kama kengele. Mtu wa gitaa anatafuta kukimbia kwenye uzi mmoja, mtu wa tiorba anaruka nyuzi ili zisinyamaze. Shida ya uzi kukatika ndio imezaa uzuri wake wote, mimi hilo hunifurahisha kila nikiikamata.

La pili ni kusoma. Tabulatura ya Kitaliano ina mistari sita, kila mstari ni uzi, namba ni freti, kile kizuizi cha shingoni, ya kukanyaga na sifuri ni uzi wazi, besi za shingo ya pili zinaandikwa kwa namba juu ya mistari. Rahisi. Ila mstari wa juu kabisa si uzi wa kwanza, ni uzi wa sita, yaani karatasi imefuata ala ilivyo mwilini mwako ukiiinamia, uzi mnene uko juu kwa hivo na mstari wake uko juu. Mimi nilikuwa nimeshazoea tabu za gitaa za intaneti ambazo ni kinyume, kila nikichoka usiku mkono unasoma juu chini. Dawa niliyoipata ni kutopiga kabisa, nakaa na karatasi pale kando ya kitanda cha nonno saa nane za usiku nasoma kwa kidole kwenye paja, bila sauti, wiki tatu nne, mpaka ikaingia.

Alafu ndio tukafika kwenye ile yenyewe, ile iliyonileta. Nilikuwa nimeisikiliza pengine mara mia mbili, naijua kila pumzi, nikampelekea Maestra nikijua nimeshaimaliza. Akafungua nakala ya ukurasa wa 1604. Ndugu zangu, hakuna kitu pale. Namaanisha hakuna zile nyuzi zinazoanguka moja moja. Kuna kodi tu, yaani noti kadhaa za kupigwa pamoja, zimepangwa wima, namba juu ya namba, moja baada ya nyingine mpaka mwisho wa ukurasa, na alama ndogo yenye nukta ya kukwambia vunja hii kodi, ipige noti moja moja. Utaanzia wapi, utarudia mara ngapi, utaharakisha wapi, utakaa wapi, hakuandika. Ile niliyoipenda kwenye santuri, nusu yake ilikuwa ni mkono wa yule mpigaji wa santuri. Kapsberger mwenyewe wakati ule alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, baba yake afisa wa jeshi mwenye asili ya Kijerumani, ndio maana walimuita Mjerumani wa tiorba, kitabu kimetoka Venice, na mtu anayechapisha kitu kama hiki anajua kabisa anayenunua atajazia mwenyewe.

Maestra akanizuia nisiipige. Akachagua kodi moja, ya kwanza, akasema leo hii tu. Saa nzima kodi moja. Piga besi, subiri uisikie mpaka inaanza kuzama, sasa weka wa pili, usiuweke juu ya besi, uweke ndani yake, sasa wa tatu. Ukiharakisha besi inazimwa na kelele zako, ukichelewa sana kamba inakatika kati ya noti na noti. Nikapiga pengine mara sitini. Kwenye ile ya arubaini na kitu nikaanza kusikia kwamba besi haifi sawasawa, kuna wakati inapanda kidogo katikati, kama mtu anavuta pumzi, alafu ndio inashuka, na pale pale inapopanda ndio pa kuweka noti inayofuata. Hili hakuna namba inayoweza kuliandika. Na nikamkumbuka mjomba, sikiliza kwanza, miaka yote nilikuwa nadhani ananambia nimsikilize yeye, kumbe alikuwa ananiambia nisikilize uzi.

Ilinichukua miezi minane kuipiga yote namna hiyo. Nonno anaipenda ikipigwa mlango ukiwa wazi, yeye kitandani mimi kwenye korido. Tiorba haina sauti kubwa, jirani wa ukuta hajawahi kulalamika hata mara moja, ni ala ya usiku kabisa. Nikiharakisha nonno anagonga blanketi kwa kidole. Haongei, anagonga tu.

Kosa langu kubwa lilikuwa Januari ya mwaka wa pili. Ala nilikuwa nimeazimwa, si yangu, na nikaiegemeza usiku mmoja kwenye pembe ya chumba karibu na ile redieta ya kupasha joto, manake nilikuwa naona mimi mwenyewe nasikia baridi basi na yeye anasikia. Asubuhi nikaikuta ubao wa mbele umepasuka mstari mrefu kama urefu wa kiganja, na daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi, limeinuka upande mmoja. Ule ubao ni wa msonobari wa milimani, unene wake ni kama milimita 1 na nusu, hauna zaidi, na joto kavu linaufyonza maji mpaka unajikunja. Nililia, nisiwafiche, nilikuwa nahesabu mishahara mingapi. Fundi aliyeitengeneza ni mzee mwenye karakana ndogo nje ya mji, alinikalisha nione. Anachemsha gundi ya ngozi za wanyama kwenye kijungu ndani ya maji moto, inanuka kama supu ya kwato iliyolala, anaipaka chapu chapu kabla haijapoa. Nikamuuliza kwa nini asitumie gundi za kisasa zenye nguvu. Akasema gundi yenye nguvu ikishinda, kinachopasuka ni mbao, na mbao hairudi, lakini hii ikielemewa inaachia yenyewe, daraja linatoka zima, unalipasha unalirudisha, ala za miaka ya 1600 zimefika hadi leo kwa sababu ya gundi inayokubali kuachia. Tangu hapo natembea na kijisponji chenye unyevu ndani ya kasha, na redieta ya chumba kile naifunga, navaa sweta mbili.

Katikati ya yote haya Maestra alinipa na gitaa la zamani, lile la nyuzi jozi tano, ili mkono upumzike. Hapo nikajifunza kitu kilichonifurahisha sana. Mwaka 1606 kule Florence, Girolamo Montesardo alichapisha kitabu cha kuandika kodi kwa herufi, kila herufi ni umbo moja la vidole, wanaiita alfabeto. Herufi haina uhusiano na jina la kodi, A ni ile ambayo sisi leo tunaiita G, B ni C, C ni D, na kuna msalaba ambao ni E maina. Baada ya hapo zikafurika nyimbo zenye maneno na herufi juu yake, mtu hajui kusoma noti lakini anaimba na kupiga, vile vile kama kwaya zetu na vijana wanavyoandika kodi juu ya maneno leo. Hata Kapsberger, na ukubwa wake wote, vitabu vyake vya vilanela, nyimbo nyepesi, kuanzia 1610 vina herufi za gitaa kwa ajili ya hao hao. Watu husema muziki huu ni wa makasri na makadinali, na kweli yeye alikula mkate wa kina Barberini Roma, Papa Urbano wa Nane alikuwa wa nyumba hiyo, lakini mitaani watu walikuwa wanapiga miziki ya kuzunguka kama ciaccona na passacaglia na bergamasca kwa herufi nne tano, na mabwana wakubwa wakazichukua kutoka huko. Piccinini mwenyewe ameweka ciaccona ndani ya kitabu chake. Ukiipiga mguu haukai.

Ila jambo moja lilinigusa kuliko yote na nililigundua kwa bahati tu. Mwaka 1622 kanisa lilipowatangaza watakatifu Ignasio wa Loyola na Fransisko Ksaveri, wajesuiti wa Roma waliandaa onyesho kubwa la kuimba kwenye chuo chao, na aliyeandika muziki ni huyu huyu Kapsberger. Fransisko Ksaveri! Kwetu Malindi kuna kanisa dogo la Wareno, la makuti, kando ya bahari, nimepita pale maisha yangu yote nikienda sokoni, na watu wanakwambia Ksaveri alipita hapa akielekea Goa kule India, mwaka 1542. Sisi ni Waislamu, lile kanisa kwangu lilikuwa ni kivuli cha kupumzikia tu. Na sasa niko Bologna nasoma kwamba miaka 80 baada ya yule mtu kutia nanga kwetu, mtunzi wangu alikaa Roma akaandika sauti za kumwimbia. Niliacha kusoma nikaenda dirishani. Sijui niseme nini zaidi, ila tangu siku hiyo sioni tena kama nimekuja kuazima kitu cha watu.

Kusindikiza mwimbaji ndio shule nyingine kabisa na ndio iliyonichukua muda zaidi, mwaka mzima na ushee. Pale hupewi hata kodi. Unapewa mstari mmoja wa besi, na mara moja moja namba juu yake, na maneno ya mwimbaji. Agazzari wa Siena aliandika kijitabu mwaka 1607 kuhusu jambo hili, anagawa ala makundi mawili, zile za msingi zinazobeba jengo na zile za mapambo zinazopita juu, na tiorba anaiweka pande zote mbili, kwa hivo wewe mwenyewe ndio uamue saa hii mimi ni nguzo au ni ua. Mimi nilitaka kuwa vyote kwa wakati mmoja. Nilikuwa nasindikiza kijana mmoja mwanafunzi, tena mwenye sauti nyembamba tamu, na kila akiacha nafasi mimi najaza, akivuta pumzi mimi namwaga arpejo, kodi zilizovunjwa noti moja moja. Maestra akanisimamisha. Unamfunika, akasema. Nikapunguza. Unamfunika. Nikapunguza tena. Mwisho akanifungia daftari, akaniambia mwangalie mabega yasikupite, bega likipanda wewe nyamaza, likishuka weka besi.

Nikadhani nimeelewa mpaka siku ya konseti, kwenye kanisa dogo la kijijini, watu kama thelathini, baridi ya Machi. Nimeingia kutoka nje nyuzi hazijazoea hewa ya ndani, na ubeti wa pili uzi wa tatu ukakatika, paa, na kama nilivyosema huo ndio uzi wa juu kuliko zote, ndio unaovutwa mpaka ukingoni, ndio unaokatika. Mapambo yangu yote yalikuwa yanaishi kwenye uzi ule. Nikabaki na besi. Yule kijana hakusimama, akanitupia jicho akaendelea, na mimi nikawa naweka besi moja, nasubiri, besi moja, nasubiri, na nikaanza kumsikia alivyo. Alikuwa anavuta neno moja, analiachia jingine, anachelewa makusudi mahali ambapo mwaka mzima nilikuwa nimemziba. Neno la mwisho la ubeti ule alilishika mpaka nikasikia benchi likilia nyuma kabisa. Tulipotoka aliniambia, leo ndio nimeimba. Nikaweka uzi mpya, na mpaka leo nikiusindikiza wimbo ule uzi wa tatu siugusi mpaka ubeti wa mwisho.

Kuna siku pia Maestra alinipeleka San Petronio, kanisa kubwa la uwanjani hapa Bologna, ambako miaka ya 1600 walikuwa na wapiga tiorba wa kulipwa mshahara. Alitaka tu nisikie mwangwi wake. Akapiga kofi moja. Lile kofi lilizunguka kule juu kama ndege aliyepotea njia, nikahesabu, likawa bado liko. Mtu aliyekuwa anapiga pale hakuwa na namna ya kukimbia hata angetaka.

Siku hizi napiga na vitu vya Castaldi, Bellerofonte Castaldi wa Modena, si mbali na hapa, ambaye mwaka 1622 alitoa kitabu cha tiorba mbili, moja kubwa na moja ndogo inayoitwa tiorbino, na sahani za shaba za kuchapia alizichora kwa mkono wake mwenyewe. Nilimuonyesha nonno nakala. Mtu wa matbaa miaka arubaini, alichukua lensi yake akazitazama zile namba kimoja kimoja, akaniwekea kidole kwenye ukingo wa mstari mmoja, hapa mkono umemteleza, akasema, hapa alikuwa amechoka. Miaka mia nne na nonno anamuona mtu amechoka. Nonno sasa ana miaka 91 na macho bado yako.

Na mjomba. Nilimpigia WhatsApp nikamuonyesha tiorba, kitu cha kwanza alichoniuliza ni hii shingo unaipitisha vipi mlangoni, cha pili akasema piga. Nikampigia passacaglia, besi nne zinashuka, zinashuka, zinarudi mwanzo. Akanyamaza. Akasema toa vidonge vidonge vyote, nataka zile nne za chini tu. Nikamrekodia dakika tano za besi nne, taratibu, nikamtumia nikalala. Niliamka nikakuta voisi nouti. Ameiweka rekodi yangu kwenye simu moja, na simu nyingine anarekodi, jogoo anasikika na mtu anafagia uwanja, na juu ya besi zangu mjomba ameingiza udi. Mzunguko wa kwanza wote hakupiga kitu, wa pili vile vile, nikadhani imekwama. Wa tatu akaweka noti moja, katikati ya freti, pale ambapo tiorba yangu yenye freti za kufunga haiwezi kufika. Nimeanza kulegeza freti ya pili, naisogeza kidogo kidogo kwa kucha ya gumba, namtafuta.